Mwanangu ameacha kuuliza darasani. Je, shule imemfundisha kunyamaza?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama, naishi Tanga mjini, upande wa Sahare. Mwanangu wa kiume yuko darasa la tano, shule ya serikali. Tangu mdogo ni mtu wa 'kwa nini'. Miezi michache iliyopita mwalimu wao aliandika ubaoni kwamba upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Juni mpaka Septemba. Mtoto akanyoosha kidole, akasema: mwalimu, huo ni wakati wa kusi, babu yangu ni mvuvi na ndivyo anavyosema. Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia, 'Kwenye mtihani utamwandikia babu yako?' Akasimamishwa mpaka kipindi kikaisha. Tangu siku hiyo haulizi tena. Cha ajabu alama zake zimepanda. Nikimsaidia kazi za nyumbani nikamuuliza kwa nini jibu ni B, ananiambia, 'Ndivyo alivyosema mwalimu.' Kaka yangu anasema shule ni kiwanda cha makarani tangu enzi za Mjerumani, nimtoe nimpeleke inglishi midiamu. Mume wangu anasema mtoto amepata adabu, nimwache. Je, ni kweli shule inaua akili ya mtoto? Nimhamishe?"

Dada yangu, tuanze na upepo, maana ndio uliozua yote haya. Mwanao alisema kweli. Kaskazi, upepo wa msimu unaotoka kaskazini mashariki, huku kwetu huingia Novemba au Desemba na kuvuma mpaka Machi. Kusi, unaotoka upande wa kusini, huanza Aprili na kutawala mpaka Septemba, Oktoba. Mwalimu aliyeandika Juni kwenye mstari wa kaskazi huenda analijua hilo vizuri, mkono ukateleza akinakili huku watoto wanapiga kelele nyuma yake. Kosa kama hilo hufutwa kwa dasta, mambo yakaendelea. Kinachokuumiza ni kilichofuata: mtoto ameacha kuuliza, na kuacha huko kumemletea alama nzuri.

Amejifunza somo pale, na amelishika upesi kwa sababu ana akili. Amegundua kuwa kujua kitu ni jambo moja, kujua kinachotakiwa ni jambo jingine, na shuleni hilo la pili ndilo lenye malipo. Mumeo anaita hiyo adabu. Kwa heshima zote, simuungi mkono. Mtoto mwenye adabu huuliza kwa upole. Mtoto aliyetishika haulizi kabisa. Ukiwatazama kutoka mlangoni wote wawili wamekaa kimya, mikono juu ya dawati, na mwalimu mwenye haraka hawezi kuwatofautisha. Wewe umeweza, kwa sababu ulimuuliza sababu ya B na akakosa. Jibu analo, sababu hana. Hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa kaka yako. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo imetokea hapa hapa mjini kwenu. Wajerumani walianzisha shule Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na walichotaka ni makarani, wakalimani, walimu na maakida, yaani watawala wadogo chini ya Mjerumani, wa kuendesha serikali yao. Hawakutaka wabishi. Waingereza waliofuata nao walihitaji makarani. Lakini mtazame Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, nje kidogo ya Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam katika shule za mkoloni, akawa karani wa forodha, baadaye akafanya kazi katika ofisi ya wilaya Tanga. Ni karani hasa, kama mfumo ulivyokusudia. Na karani huyo ndiye aliyetuachia maandishi yanayowahoji watawala na dhuluma zao kuliko wengi waliosoma zaidi yake. Sisemi shule ndiyo iliyompa ujasiri huo. Ilimpa kusoma na kuandika, vingine akavitafuta mwenyewe.

Tena nchi hii haijawahi kusema kwa kauli yake kwamba inataka watoto wa kuitikia tu. Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ulitaka elimu imjenge mtu mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kwa wengine na bado akajiamini. Mtaala wa mwaka 2005 ukahamia kwenye umahiri, yaani mtoto aweze kutumia anachojua, si kukariri tu. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umejaa maneno "fikra tunduizi", yaani kufikiri kwa kuhoji na kupima sababu. Kwenye karatasi jambo hili tulishakubaliana zamani. Linapotushinda ni darasani, na zipo sababu tatu ambazo ningependa uzielewe kabla hujamlaumu mwalimu.

Ya kwanza ni idadi. Chukua darasa la watoto 80 na kipindi cha dakika 40. Gawanya: kila mtoto ana nusu dakika, kama mwalimu mwenyewe hatasema neno. Mtoto mmoja akifungua mjadala wa pepo za msimu amekula nusu dakika za wenzake kadhaa, na mada ya leo haitaisha. Mimi kazi yangu ni kufundisha walimu, na nimekaa sana nyuma ya madarasa nikiwatazama. Mwalimu anayeuliza, "Tumeelewana?" watoto wakaitika "Ndiyooo!" wote kwa pamoja, mara nyingi anajua fika hawajaelewa. Kiitikio kile kinamruhusu kusonga mbele.

Ya pili ni mtihani. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa sehemu kubwa, unamtaka mtoto achague herufi. Herufi haina nafasi ya "kwa sababu". Mwalimu anapimwa kwa matokeo, mwalimu mkuu anapimwa kwa matokeo, mzazi anapiga simu kuulizia matokeo. Swali lile la babu na mtihani lilikuwa la kejeli, lakini ndani yake kulikuwa na maelezo ya kweli kuhusu mwalimu anachoogopa.

Ya tatu ni kile kicheko. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wazazi wengi hufikiri aliyemnyamazisha mtoto ni mwalimu. Nadhani wenzake wamechangia zaidi. Miaka ya 1950 huko Marekani mwanasaikolojia Solomon Asch aliwakalisha vijana wa chuo kikuu kwenye kikundi, akawaonyesha mistari na kuwauliza upi una urefu sawa na mstari wa mfano. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Ila waliokuwa kwenye kikundi, isipokuwa mmoja tu, walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa sauti. Yule mmoja asiyejua kitu, zamu yake ilipofika, alifuata uongo wa wenzake karibu mara moja katika kila mara tatu, na robo tatu ya waliojaribiwa walifuata angalau mara moja. Hawa ni watu wazima, mbele ya wageni, na hakuna aliyewacheka wala kuwasimamisha.

Kuna matokeo mawili ya jaribio hilo ninayotaka uyashike. Akiwepo hata mtu mmoja anayesema ukweli pamoja nawe, kufuata mkumbo kunapungua sana. Na ukiruhusiwa kuandika jibu lako kwenye karatasi badala ya kulitamka mbele ya kundi, kunapungua pia. Maana yake mwanao hahitaji shule nzima ibadilike. Anahitaji mwenzi mmoja, na mahali ambapo kukosea hakuna gharama.

Kuna kisa cha mkoani kwenu hapo ambacho kila mwalimu mwanafunzi wangu lazima akisikie. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombea. Mwenzake mmoja aliingiza maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa pa kuweka, akayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi akarudi: ya kwake yameganda, ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia imekuwaje. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani.

Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wakati ule alimwamini mwalimu. Kumbuka hilo, dada, unapomtazama mwanao. Jambo lingeishia hapo, lakini likizo akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini. Rafiki akamwambia wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, hivyo ndivyo unavyoganda upesi. Akakuta wauzaji wengine wa mjini nao wanafanya hivyo hivyo. Alipofika shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, safari hii mbele ya darasa, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaigeuza utani: kila akikosea hesabu, ni "hesabu za Mpemba". Akajaribu mwenyewe maabara kwa bika mbili, vile vikombe vya kioo vya maabara, moja ya maji ya moto na moja ya baridi. Ndipo mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, akaja kuwatembelea, na Mpemba akanyoosha kidole mbele ya shule iliyomcheka. Osborne naye hakuamini. Tofauti yake ni kwamba aliahidi kwenda kujaribu, na akajaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo pamoja, na hadi leo vitabu vya fizikia duniani vinalitaja jina la yule kijana.

Wanafizikia bado wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli, na baadhi waliorudia majaribio kwa makini hawakuliona. Kwa swali lako hilo halina uzito mkubwa. Tazama nani alifanya nini. Shule ilimwambia amechanganyikiwa, na shule hiyo hiyo ndiyo iliyompa friji, bika, kanuni ya Newton ya kupoa ambayo ilimfanya aone kuna utata, na mgeni wa kumuuliza. Wauzaji wa aiskrimu wa mjini kwenu walilijua jambo miaka yote, ila kwao ulikuwa ufundi wa kazi tu, hawakuona kuna swali. Kwa hiyo ukiniuliza kama shule inaua akili, jibu langu ni kwamba kwa mazoea yake inamsukuma mtoto kuitikia, na wakati huo huo inampa vifaa vya kubishia. Kumwondolea vifaa ili kumwokoa na mazoea ni hasara.

Sasa naomba nikuguse kidogo na wewe, na mwanao. "Babu yangu anasema" bado si fikra tunduizi. Mtoto alikuwa na wakubwa wawili wanaopingana, akamchagua anayempenda. Safari hii babu alikuwa sahihi. Safari nyingine atakuwa mwalimu. Kufikiri kunaanza pale mtoto anapouliza: tutajuaje? Na nyinyi mko Sahare! Bendera ipo, mashua zipo, babu yupo. Mpe daftari, kila asubuhi kabla ya kwenda shule aandike tarehe na upepo unatoka upande gani, ukijua jua linachomoza wapi hilo ni rahisi. Akifika msimu unapogeuka atakuwa na kitu ambacho si cha babu wala cha mwalimu. Muulizeni pia babu anajuaje: anatazama mawimbi, samaki gani wanapatikana, lini vyombo vidogo haviendi nje ya mwamba. Mzee atafurahi, na mtoto atasikia jinsi mtu mzima anavyotoa sababu.

Usiichukie pia kumbukumbu. Wazazi wanaotaka watoto huru mara nyingi wanaanza kudharau kukariri, na hilo ni kosa. Mwanao aligundua kosa ubaoni kwa sababu tayari alikuwa na miezi ya kusi kichwani. Asiyejua lolote kuhusu pepo hawezi kuhoji lolote kuhusu pepo. Angalia chuo cha Kurani: mtoto anahifadhi kwanza, miaka na miaka, na wale wanaoendelea mbele wanafika kwenye fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, ambako maimamu wanne wametofautiana katika masuala mengi na mwanafunzi anatakiwa ajue kila mmoja ameegemea dalili ipi. Hifadhi na hoja zinakaa nyumba moja. Tatizo ni kuishia kwenye hifadhi.

Nyumbani, basi, badilisha swali. Ukimuuliza "jibu ni lipi?" utapata herufi. Muulize, "C ina kasoro gani?" Kueleza kwa nini jibu jingine si sahihi ni kazi ambayo "ndivyo alivyosema mwalimu" haiwezi kuifanya. Kisha nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliwapima walimu akakuta baada ya kuuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuruka kwa mwingine au kujijibu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Sekunde tatu jikoni, sufuria ikiwa motoni, ni ndefu. Vumilia. Na akikujibu ovyo, usicheke, wala dada zake wasicheke.

Mfundishe pia kwamba kuna namna mbili za kujibu na zote ni halali. Kwenye mtihani anaandika kinachoulizwa, kwa sababu mtihani ni mlango na anahitaji kupita. Kwenye daftari lake anaandika anachokiona na sababu zake. Watu wengine watakuambia huko ni kumfundisha unafiki. Sikubali. Unafiki ungekuwa kumwambia aamini vyote viwili.

Mwalimu lazima umuone, na usimtume baba mwenye hasira wala kaka mwenye hotuba ya Wajerumani. Nenda mwenyewe, mchana baada ya vipindi, usimkute mbele ya walimu wenzake. Usianze na upepo. Anza na kilichobadilika: "Mwalimu, habari za kazi. Nimekuja kukushukuru, alama za mtoto zimepanda. Ila nyumbani naona amekuwa kimya, haulizi tena kama zamani, na mimi nina wasiwasi. Wewe darasani unamwonaje?" Kisha msikilize. Walimu wengi, wakiulizwa hivyo, wanakumbuka wenyewe. Akilitaja tukio, omba jambo dogo linalowezekana kwenye darasa kubwa: mtoto akiwa na swali aliandike, alilete baada ya kipindi. Na kama mwalimu ana moyo, mdokeze waandike majibu kwenye daftari kabla ya kunyoosha vidole. Haimgharimu muda wala pesa, na inawasaidia wote 80.

Mtoto naye ana la kujifunza, nikubaliane na mumeo hapo angalau robo. Kumwambia mtu mzima mbele ya kadamnasi kwamba amekosea ni jambo zito kwetu, na mwalimu naye ana uso wa kulinda. Fanyeni mazoezi nyumbani, wewe ukiwa mwalimu: "Mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Kusi nayo inavuma miezi gani?" Swali hilo linamrudisha mwalimu ubaoni mwenyewe. Akishindwa kulisema darasani, alipeleke na daftari mkononi.

Kuhusu kuhama, mimi nisingehama kwa tukio moja. Faida ya kweli ya shule za kulipia ni darasa dogo, na hiyo siipuuzi. Lakini nyingi zinaishi kwa matokeo kuliko hata za serikali, kwa sababu matokeo ndiyo tangazo lao. Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, wazazi bado wanazitafuta. Halafu kuna lugha. Mtoto wa darasa la tano aliyefikiri kwa Kiswahili maisha yake yote, ukimhamishia kwenye Kiingereza ghafla, kitu cha kwanza kitakachopungua ni maswali yake, kwa sababu hana maneno ya kuyauliza. Atakutana na mlima huo sekondari hata hivyo, na ni vizuri aanze kusoma Kiingereza kwa bidii sasa, ila asiubebe pamoja na huzuni hii. Ukiamua bado kwenda kutazama shule, omba ukae nyuma ya darasa kipindi kimoja. Usihesabu kompyuta wala mabasi. Hesabu mara ngapi mtoto ameuliza swali ambalo mwalimu hakulitegemea, na usikie mwalimu amelipokea vipi.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Ukiona tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule na Jumamosi haliumi, ameanza kukojoa kitandani, halali, hataki kucheza hata na wenzake wa mtaani, au anasema yeye ni mjinga na ukimya umeenda mpaka nyumbani, usisubiri muhula uishe. Mwone mwalimu wa ushauri na unasihi hapo shuleni na umpeleke hospitali, Bombo ipo karibu nawe, aonwe na daktari kabla ya kuamua ni mawazo tu. Akichapwa kwa sababu ya kuuliza, hilo ni jambo jingine kabisa: kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, visizidi vinne, na anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Anza kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha afisa elimu kata. Ukihofia usalama wake, piga 116, simu ya mtoto, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii.